Cheti cha Toleo Moja: Risala ya Mafundi wa Chumba Namba Tisa

Mgeni rasmi, mheshimiwa Mkurugenzi. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa wodi na maabara. Wafanyakazi wenzetu mliobanana kwenye korido kwa kuwa chumba hakitoshi. Na ninyi wagonjwa wa benchi la nje, mnaosubiri namba zenu huku mkitusikia dirishani: shikamooni mlio wakubwa, na wengine wote hamjambo.

Sisi mafundi wa kompyuta wa Chumba Namba Tisa tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kwa shughuli tatu: kufungua chumba kilichopakwa rangi, kutukabidhi mashine mbili mpya, na kutupa cheti. Rangi imekauka, isipokuwa pale karibu na swichi, kwa hiyo tunaomba usiegemee. Mashine tumezipokea na tunashukuru kwa dhati. Kuhusu cheti tuna neno. Tunaomba utuvumilie, maana risala hii ni ndefu kidogo kuliko ile tuliyompelekea katibu wako juzi aipitie.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilikuwa stoo ya magongo na viti vya magurudumu vilivyovunjika. Miaka kumi na tisa iliyopita mwanamke mmoja alikabidhiwa ufunguo wake, kompyuta mbili, na meza ambayo mguu wake wa nne ulikuwa tofali. Huyo ndiye fundi mkuu wetu. Jina lake kamili unalijua, mgeni rasmi, kwa kuwa limo kwenye barua uliyoitia sahihi. Lakini hapa hospitalini, kuanzia Mganga Mkuu hadi mfagiaji, wote humwita Shangazi, nasi tutamwita hivyo hivyo. Leo hayupo. Kwa nini hayupo, ndiyo risala yenyewe.

Mashine zetu leo ni arobaini na moja, bila kuhesabu hizi mbili mpya. Hazikuja pamoja. Zilikuja kama wakwe, kila mmoja na upande wake na desturi zake. Nyingine zilitolewa na wafadhili, nyingine zilihamishwa kutoka ofisi zilizofungwa, na moja, ile ya maabara, ilikuja bila karatasi yoyote na hatujawahi kujua ilikotoka. Kila moja ilifika na mfumo endeshi wake ndani, yaani programu kuu inayoiendesha, na mifumo hiyo ni ya koo tofauti.

Sasa, wapo hapa wasio mafundi, na hatutaki mtu aachwe njiani. Programu zetu zote tunaziandika kwa lugha moja ya kompyuta. Lugha hiyo ina matoleo, la zamani na la sasa, na mengine katikati, na mashine moja inaweza kuwa nayo matatu kwa pamoja. Ukiiita lugha kwa jina lake tupu, bila kutaja toleo, kuna toleo moja litakaloitika. Hilo ndilo tunaloliita chaguomsingi. Ni kama kusimama kwenye ua wenye nyumba tatu ukaita "Mama!" Mmoja ataitika, lakini si lazima awe ndiye uliyemtaka. Tena kila ukoo wa mifumo una mama wake wa kuitika kwanza. Kwenye mashine ya mapokezi anaitika kijana, toleo la sasa, kwenye mashine ya maabara anaitika bibi, toleo la zamani, na kwenye mbili za stoo ya dawa haitiki mtu kabisa mpaka utaje jina lote.

Shangazi aliligundua jambo hili kwa kuumia, miaka ile ya mwanzo, alipokuwa peke yake na tofali lake. Ndipo akatuwekea desturi.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, tusingependa uondoke ukidhani hapa ni kilio tu. Programu ya namba za foleni, inayowaita hawa walioko benchi la nje, tuliiandika wenyewe. Ubao wa vitanda unaomwonyesha muuguzi wa zamu kitanda kipi kiko wazi, ni wetu. Programu inayochapa lebo za chupa za maabara na mifuko ya damu, ambayo tutairudia baadaye, Shangazi aliiandika kwa mkono wake, na kwa miaka kumi na moja haikuwahi kuchanganya mgonjwa na mgonjwa.

Lakini fahari yetu kubwa ni plasta. Ndiyo, plasta, hii hii ya wodini. Fundi yeyote kabla hajagusa mashine huiuliza kwanza: ukiitwa kwa jina tupu, unaitika kwa toleo gani? Jibu analiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, pamoja na tarehe, na kukibandika juu ya mashine mahali pa kuonekana. Ukibadilisha kitu, unaandika kipya chini ya cha zamani. Hapa ndani hakuna aliyewahi kukipita kipande cha plasta bila kukisoma, kama vile dereva asivyopita alama ya barabarani.

Desturi ya pili ni ya maneno machache. Shangazi husema, "Mwenye nyumba haguswi." Maana yake, toleo ambalo mfumo endeshi wenyewe unalitegemea kwa kazi zake za ndani, kama kusakinisha vitu na kuunganisha mtandao, liache lilivyo, hata kama ni zee na linakuudhi. Ukitaka toleo jipya, lijengee chumba chake pembeni, na programu yako iandikwe mstari wa kwanza ikilitaja kwa jina lote.

Kuna mwenzetu mmoja tunamwita Chapuchapu. Alikuja miaka minne iliyopita kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na jina alilipata wiki ya kwanza, kwa kasi ya vidole vyake. Ni fundi mzuri. Hilo tunalisema mbele yake. Lakini plasta zilimkera. Siku moja alimwambia Shangazi, "Hivi si tuzibadilishe zote mara moja, tuwe na toleo moja kila mahali, tumalize?"

Shangazi hakuinua kichwa. "Wewe nyumbani kwako mnavaa viatu saizi moja wote?"

"Hapana."

"Na mnaishi kwa amani?"

"Tunaishi."

"Basi nipe hiyo bisibisi."

Tulicheka wiki nzima. Chapuchapu naye alicheka, ila moyoni alibaki na lake.

SIKU TULIYOBANDUA PLASTA

Wiki kumi zilizopita ilikuja fomu kutoka ofisi yako. Ilikuwa na swali moja tu: "Je, mashine zote zinatumia toleo moja? NDIYO / HAPANA." Mwisho wa kurudisha ulikuwa Ijumaa, na chini iliandikwa kwamba wapiga picha wangefika siku hiyo hiyo kupiga picha za vyumba. Shangazi alikuwa amechukua ruhusa ya siku mbili kumpeleka kaka yake kwenye matibabu ya macho. Aliisoma fomu kabla ya kuondoka, akaguna, akaiacha mezani. "Nikirudi tutawaandikia barua," alisema. "Swali hili halina jibu la neno moja."

Asubuhi ya Ijumaa tulizitazama mashine zetu kwa macho ya mpiga picha. Zilionekana kama majeruhi. Plasta juu ya plasta, nyingine zimejikunja pembe na kushika vumbi. Mmoja wetu akasema, "Aibu hii." Mwingine akaleta spiriti na pamba. Tulizibandua zote, mgeni rasmi, sisi sita, kwa mikono yetu, na hatukunakili hata moja. Miaka kumi na tisa ya majibu tuliitia kwenye pipa la taka za wodi, na taka za wodi huchomwa saa tatu.

Saa nne kamili Chapuchapu aliketi mbele ya mashine yetu kuu. Wazo alilokuwa nalo moyoni miaka minne lilipata nafasi. Aliandika amri ya mstari mmoja inayogeuza chaguomsingi kwenye mashine zote arobaini na moja kwa mpigo. Tulikuwa tumesimama nyuma yake. Alituuliza, "Nibonyeze?" Tukasema bonyeza. Akabonyeza. Mashine zikaanza kujibu moja baada ya nyingine, sawa, sawa, sawa, na hatutakuficha kwamba alijisikia mfalme. Saa nne na dakika tano alijaza fomu yako NDIYO na kuituma.

Saa nne na dakika tisa simu ya maabara ililia.

Ile mashine isiyo na karatasi haikuwa imejibu sawa. Programu ya lebo ilikuwa imesimama. Chapuchapu alikimbia maabara, na kwa haraka yake akafanya jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza wa kazi yetu hukatazwa: aliizima mashine na kuiwasha upya akidhani itajirekebisha. Iliwaka bila mtandao, na chombo chake cha kusakinishia vitu kilikuwa kimekufa, kwa sababu vyote viwili vilimtegemea bibi ambaye sisi tulikuwa tumemtoa mlangoni. Matoleo yalikuwamo matatu. Lipi lilikuwa la mwenye nyumba? Hakujua. Aliinua macho kutazama juu ya mashine, mahali pa plasta, akaona alama nyeupe tupu.

Alimpigia Shangazi.

"Plasta inasemaje?" Shangazi aliuliza kabla ya salamu.

"Tumeibandua, Shangazi."

"Hiyo moja?"

"Zote."

"Umeshaizima?"

"Nimeizima na kuiwasha."

"Basi sasa haitaki maneno, inataka mikono. Usiguse kitu. Waambie maabara waandike lebo kwa mkono, na kila lebo isomwe na watu wawili. Nakuja."

Siku hiyo wauguzi walitembea na majibu mikononi kama watu wa zamani. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi yuko hapa mbele, ataturekebisha tukikosea. Kulikuwa na mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, na damu yake ilichelewa dakika hamsini kwa sababu mifuko yote ilikuwa ikiandikwa na kusomwa upya. Chapuchapu alisimama kwenye mlango wa maabara dakika zote hamsini. Aliyahesabu matofali ya ukuta ule, na mpaka leo anaikumbuka idadi. Mama yule alipona. Mtoto wake sasa ana wiki kumi, na juzi aliletwa kuchanjwa.

Shangazi aliingia saa nane mchana na begi lake la safari begani. Aliketi sakafuni, akakumbuka bila plasta, akamrudisha bibi mlangoni. Saa kumi kasorobo lebo ya kwanza ilitoka. Kisha alichukua bunda jipya la plasta, akazunguka mashine zote siku tatu, akiuliza na kuandika. Hakututukana. Afadhali angetutukana.

KAMATI

Kamati ya nidhamu ilituita wote saba. Mwenyekiti aliuliza, "Nani alitoa amri?" Chapuchapu alifungua mdomo. Tulimwona akiufungua. Lakini Shangazi alimtangulia: "Amri ya chumba ni amri yangu."

"Ulikuwa ruhusa."

"Chumba hakikuwa ruhusa."

Nasi tukanyamaza. Watu wazima sita, wenye familia, tuliinama tukatazama viatu vyetu. Shangazi akasimamishwa kazi siku sitini.

Kwenye korido Chapuchapu alimshika mkono. "Shangazi, kwa nini?"

"Mkataba wako ni karatasi moja," alimjibu. "Ukiguswa tu unachanika. Mimi nina miaka kumi na tisa, watasitasita kidogo."

Hawakusita. Zimebaki siku chache sitini ziishe, na Jumatatu kamati inakaa kuamua kama afukuzwe kabisa, ikiwa imebaki miezi kumi na moja astaafu.

Jioni ya siku ile Chapuchapu alifika nyumbani akasukuma sahani. Mkewe alimtazama. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kuna mtu umemkosea. Wewe chakula hakikushindi ila kwa hilo."

Alimweleza yote. Mkewe alifunika chakula na kusema, "Nitakipasha moto siku utakayosema ukweli." Ni maneno tu, amekuwa akila, lakini kila anapokula anayasikia.

CHANGAMOTO

Tumekuwa na changamoto za vifaa, kama kila chumba. Hatuna mashine ya kujaribia, kwa hiyo kila jaribio letu tunalifanya juu ya mgongo wa mgonjwa. Programu zetu nne bado zimeandikwa kwa toleo la zamani ambalo watunzaji wake walishaliacha, na kuzihamisha kunataka muda ambao hatupewi. Bibi hataishi milele, hilo tunalijua. Shangazi mwenyewe alikuwa ameanza kuihamisha programu ya lebo, mstari kwa mstari, na amefika nusu.

Lakini changamoto kubwa kuliko zote si ya vifaa. Wiki tatu baada ya kamati ilikuja barua kwamba chumba chetu kimeshinda. Chumba Bora cha Toleo Moja, mashine arobaini na moja kati ya arobaini na moja. Mgeni rasmi, ushindi huo umetokana na fomu iliyojazwa saa nne na dakika tano, na uongo wake ulijulikana saa nne na dakika tisa. Hakuna aliyeisahihisha. Kwa kitendo kile kile, Shangazi ambaye hakukifanya amepewa barua ya kusimamishwa, na sisi tuliokifanya tunapewa cheti chenye fremu ya kioo. Huku ni kuvishwa kilemba cha ukoka, na ukoka huu tuliukata wenyewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeuficha wiki nane tangu kamati, na umetutosha.

MAOMBI

Tunaomba cheti kibaki kwenye bahasha yake. Tunakiheshimu, na tunakuheshimu wewe uliyesafiri nacho, lakini hatutakipokea. Msituelewe vibaya, hatujagoma. Kazini tutaendelea kuwa kama kawaida, na leo mchana tuna printa ya wodi ya watoto inayotusubiri. Badala ya cheti tumekuandalia fomu mpya. Jibu lake ni HAPANA, na nyuma yake kuna mistari arobaini na moja, kila mashine na ukoo wake, toleo linaloitika, na sababu yake. Zinazofanana ni ishirini na sita. Hizo nyingine hazijakosea kitu, ndivyo zilivyo, na kila moja inafanya kazi yake.

Tunaomba fomu za ofisi yako ziwe na nafasi ya tatu, ya kueleza. Mistari miwili inatosha.

Kati ya mashine hizi mbili mpya, tunaomba moja isipelekwe mapokezi, ibaki hapa iwe ya kujaribia. Tusamehe kwamba utakapokata utepe utazikuta tayari zina plasta usoni. Tuliziuliza asubuhi zilipofika. Moja inaitika kwa toleo la tatu nukta kumi na mbili, na ya pili haiitikii jina tupu kabisa. Zimetoka kwenye boksi moja.

Na tunaomba, hili ndilo lililotusimamisha hapa, kwamba kamati ya Jumatatu isimjadili Shangazi. Arudi kazini kwake, kwenye meza yake, ambayo sasa ina miguu minne. Jumatatu hiyo aitwe Chapuchapu. Hana utetezi isipokuwa kwamba ataeleza yote, dakika kwa dakika, na atakubali watakalosema, hata kama karatasi yake itachanika. Wengine watano tutaingia naye, kwa kuwa alituuliza kama abonyeze, nasi tukasema bonyeza.

MWISHO

Mgeni rasmi, huenda unatutazama sita tuliojipanga mbele yako na kujiuliza Chapuchapu ni yupi. Usihangaike kututazama viatu. Ndiye aliyeishika karatasi hii na kukusomea.

Wenzake walitaka asome mwingine, wakihofu sauti itamkatika. Alikataa. Alisema kwamba mdomo uliofunguka mbele ya kamati ukafungwa na mtu mwingine, haustahili kufungwa mara ya pili. Sauti haijakatika, na karatasi inakaribia kwisha.

Mwenyezi Mungu akulinde katika safari yako ya kurudi, aiangalie nyumba yako na ofisi yako, awape nafuu walioko wodini na subira walioko benchi la nje, amkuze mtoto yule wa wiki kumi, na atupe sisi sote moyo wa kuitika tunapoitwa.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba Namba Tisa.

Chini ya karatasi hii utakuta sahihi sita. Juu yake kuna mstari mmoja tumeuacha wazi. Hapo ni mahali pa fundi mkuu, na tunaomba wewe, mgeni rasmi, umtilie saini ya kurudi kazini, ili aje aujaze mwenyewe.